Sura ya Tano: Anayewafundisha Wengine Kupumzika

Mtu wa kwanza kuueleza kitaalamu uchovu wa kazi uitwao "burnout" hakuupata kwa kuwachunguza makuli wa bandarini wala mameneja wa benki. Aliupata mwilini mwake mwenyewe, katika kazi ya kuwatibu watu bure.

Herbert Freudenberger alikuwa mwanasaikolojia mjini New York. Mchana aliwaona wagonjwa wake wa kulipa. Jioni alihamia kwenye kliniki ya bure iliyowahudumia vijana waliozama kwenye dawa za kulevya, akabaki huko hadi usiku wa manane. Hakuna aliyemlazimisha. Alikuwa ameikimbia Ujerumani ya Hitler akiwa mtoto, na kuwasaidia watu alikufanya kwa moyo wake wote. Kisha ikafika siku ya kusafiri likizo na familia yake, mizigo imefungwa, na baba akashindwa kuinuka kitandani. Mwaka 1974 alichapisha makala kuhusu hali hiyo, na ndani yake mna jambo ambalo wengi hawalitarajii: wanaoanguka mapema si wavivu wala si waliosukumwa kazini kwa nguvu. Ni wale wenye kujitolea, waliojikabidhi kwa kazi mzima mzima.

Mshawishi wa afya, yule anayefundisha mitandaoni namna ya kula, kulala, kupiga tizi na kutuliza akili, huwekwa fungu moja na wachekeshaji na wanamitindo kwa kuwa wote wanatumia simu na taa ya duara. Mimi naona ndugu yake wa karibu ni Freudenberger. Mchekeshaji akiposti klipu yake, watu wanacheka, wanaondoka. Wewe mshawishi wa afya ukiposti kuhusu sukari au kukosa usingizi, watu wanakuja na majibu ya vipimo mkononi. Tena daktari ana nafuu kuliko wewe: hufunga kliniki, huvua koti, huenda nyumbani kula wali na maharage bila mtu kumwuliza ameweka vijiko vingapi vya mafuta. Kwako nyumbani ndiko kazini, na huo wali ndio kazi yenyewe.

Mei 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa ufafanuzi wa uchovu huu katika toleo la 11 la orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, ila si kama ugonjwa. Limeueleza kuwa hali inayotokana na kazi, yaani msongo wa muda mrefu kazini ambao haukupatiwa ufumbuzi. Ufafanuzi huo unafuata njia iliyochorwa na Christina Maslach wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambaye dodoso lake la mwaka 1981 bado linatumika duniani kote. Maslach hutazama mambo matatu: mtu kuishiwa nguvu, kuikinai kazi pamoja na watu wake, na kuona kwamba anachofanya hakina faida.

Kuishiwa nguvu kila mtu anakujua. Kukinai ndiko kunakomshtua mshawishi wa afya, kwa sababu kunagusa watu aliodhani anawapenda. Swali la "dada, hiyo chai unaichemsha dakika ngapi?", ambalo mwaka juzi ulilijibu kwa furaha na vikopa vitatu, leo linakupandisha hasira. Unawaona wafuasi kama kundi la watu wasiosoma maelezo. Unawasema vibaya kwa wenzako wa kazi hiyo hiyo, nao wanakuitikia. Kuna pia dalili nyingine ambayo haimo kwenye dodoso lolote: mtu hakumbuki lini alikula chakula cha moto, maana kila sahani husubiri kwanza ipigwe picha, na siku simu ikiisha chaji, haendi kukimbia. Ukifika hapo, afya yako imeshaacha kuwa yako. Imekuwa bidhaa.

Mwili kama ushahidi

Mwaka 2014 msichana wa Marekani, Jordan Younger, alikuwa na wafuasi zaidi ya 70,000 kwenye Instagram kwa jina la The Blonde Vegan. Hakula nyama, samaki, mayai wala maziwa, na aliuza kwa dola 25 programu ya siku tano ya kile kinachoitwa kusafisha mwili. Kwenye picha alikuwa anang'aa. Nje ya picha hedhi ilikuwa imekoma, na ngozi yake ilikuwa imeingia rangi ya chungwa kwa wingi wa karoti na viazi vitamu. Alipowatangazia wafuasi kwamba anaacha ulaji huo kwa sababu hofu ya chakula imemgeukia ugonjwa, walimhama kwa maelfu, na wapo waliomtumia vitisho vya kumuua. Hofu ya namna hiyo, ya kuogopa kila chakula kisichokuwa "safi", daktari Mmarekani Steven Bratman alikuwa ameshaipa jina tangu 1997: ortoreksia. Younger alibadili jina la ukurasa, akaandika kitabu kuhusu masaibu hayo, akaendelea na kazi.

Machi 2019 ikawa zamu ya Yovana Mendoza, aliyejulikana kama Rawvana, mwenye wafuasi zaidi ya milioni moja na sifa ya kula vyakula vibichi vya mimea tu. Mwenzake alikuwa akirekodi video huko Bali; kamera ikapita juu ya sahani ya Mendoza, na sahanini mna samaki. Watu walimtafuna wiki nzima. Baadaye alieleza kwenye video ndefu kwamba afya yake ilikuwa imezorota, hedhi imepotea, na alikuwa ameshauriwa arudie mayai na samaki.

Wengi waliona unafiki, na sisemi haukuwapo. Kinachonisumbua mimi zaidi ni kile kipindi cha katikati, kabla ya siri kufichuka. Mtu ni mgonjwa, nafuu yake iko sahanini, na hawezi kuila mbele ya macho ya watu kwa sababu mkate wake unategemea asionekane anaila. Kuficha ni kazi, tena kazi ya usiku na mchana isiyo na malipo. Uchovu wa watu hawa haukutokana na wingi wa video. Ulitokana na kuulinda mwili usitoe ushahidi dhidi ya duka lake.

Hapa ndipo penye hoja yangu ya sura hii yote. Ukiuza mwili wako kama ushahidi wa somo lako, umejinyima haki ya kuugua. Umejinyima kunenepa baada ya kujifungua, kufiwa ukalala siku tatu bila kuoga, kupata presha ya kurithi, kuzeeka. Kila moja ya hayo, ambayo kwa mwalimu au fundi cherehani ni maisha tu, kwako ni hasara ya biashara. Ushauri wa kawaida wa "punguza kazi, pumzika" haukufikii, kwa sababu hata kupumzika kwako kunatakiwa kupendeza: mshumaa, kitabu, kikombe cha mchaichai, na mtu wa kushika kamera.

Njia ya kutokea ni kuuza ujuzi. Mtazame Adriene Mishler wa Austin, Texas. Alianza chaneli yake ya yoga YouTube mwaka 2012 akishirikiana na mtengeneza filamu Chris Sharpe, na leo ina watazamaji waliojiandikisha zaidi ya milioni 12. Sijui moyo wake unachoka kiasi gani. Hilo analijua mwenyewe. Ninachokiona ni jinsi biashara ilivyopangwa. Video zake ni masomo: yoga ya maumivu ya mgongo, yoga ya anayeanza, yoga ya kabla ya kulala. Hakuna picha za kabla na baada. Mtu mwenye mgongo unaouma leo anaweza kufungua somo la miaka minane iliyopita na likamfaa, wala hana haja ya kujua mwalimu amekula nini asubuhi. Pembeni ya YouTube pana maktaba ya kulipia kila mwezi, kwa hiyo mapato hayamtegemei mtangazaji peke yake. Na kila Januari huja mfululizo wa siku 30, watu wanausubiri kama wanavyosubiri mwezi kuandama.

Basi jiulize: nikilala na malaria wiki mbili, nitakuwa nimebaki na nini cha kuuza? Ukijibu "hakuna", hilo ndilo tatizo la kwanza la kushughulikia, kabla ya ratiba na kabla ya vitamini. Fundisha kupika mchicha bila kuuchemsha ukafa. Fundisha mazoezi ya goti bovu, kusoma maandishi madogo kwenye boksi la juisi, kufuturu bila kukesha na kiungulia. Hayo hayahitaji tumbo lako liwe bapa. Na uyajue kweli: Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ipo tangu ilipoundwa kwa sheria mwaka 1973, na vyuo vyetu vinatoa kozi za lishe na mazoezi tiba. Mwenye ujuzi wa kusomea halazimiki kuwa mrembo kila siku ili aaminiwe.

Inboksi haina mlango

Mwaka 1983 mwanasosholojia Arlie Hochschild alichapisha utafiti wake kuhusu wahudumu wa ndege wa kampuni ya Delta. Walikuwa wakilipwa kutembeza chakula, na pia kutabasamu. Tena kampuni ilitaka tabasamu litoke rohoni. Hochschild aliona kwamba kazi ya kutengeneza hisia kwa ajili ya mteja huchosha kivyake, na baada ya muda mtu hushindwa kujua furaha ipi ni yake na ipi ni ya kampuni. Wahudumu wale hata hivyo waliteremka kwenye ndege. Abiria hakuwafuata nyumbani saa saba usiku kuwaambia mimba yake imeharibika.

Wewe, mfuasi anakufuata. Atakuandikia kwamba mama yake ana sukari, mguu umeanza kubadilika rangi, je, anywe ile juisi ya mlonge? Atakutumia picha ya kipele. Atakueleza habari za mumewe ambazo hajamwambia hata dada yake, kwa sababu ameona uso wako kila asubuhi kwa miaka miwili na anahisi mnajuana. Wewe humjui hata jina. Halafu wafuasi wa Kiswahili wametawanyika duniani: Dar ikiwa saa nne usiku, Muscat ni saa tano na watu wanalala, ila Toronto wakati wa kiangazi ni saa tisa alasiri na dada yetu ndiyo kwanza yuko kwenye mapumziko ya kazi, ana muda na ana mengi ya kusema. Ukitaka kumjibu kila mtu kwa saa zake, hulali.

Wengi huona kuacha ujumbe bila jibu ni ukatili, na katika malezi yetu mtu akibisha hodi huitikiwa. Lakini fikiria mguu ule unaobadilika rangi. Yule mama anahitaji kuonwa na daktari siku hiyo hiyo, na kila dakika unayomfariji kwa maandishi inamchelewesha. Jibu lenye huruma zaidi ni fupi: "Pole sana. Hili si la mtandaoni; mpeleke mama hospitali leo." Liandike mara moja, lihifadhi, litumie kila inapobidi. Andika juu ya ukurasa wako kwamba hutoi tiba kwa ujumbe. Tanzania ina Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala tangu 2002, yenye baraza la kusajili watoa tiba. Ukianza kumpangia mtu dawa inboksi, hata ya majani, umetoka kwenye ushauri na kuingia mahali ambapo panataka usajili.

Simu ya kazi iwe na laini yake. WhatsApp ya biashara ina ujumbe wa kutokuwepo unaojituma wenyewe. Uwekee saa, kwa mfano kuanzia saa kumi na mbili jioni. Komenti zijibiwe mara moja kwa siku, ukiwa umekaa mezani, si kitandani. Ukipata uwezo wa kumlipa kijana akusaidie kujibu, waambie watu wazi kwamba anayejibu ni msaidizi. Na jambo gumu kuliko yote: chagua vitu ambavyo havitaingia mtandaoni kamwe. Mtoto, ndoa, ibada, mlo mmoja kwa siku. Usitangaze kwamba umevichagua, maana tangazo hilo nalo litakuwa posti.

Chai ya kupunguza tumbo

Kuhusu fedha nitasema kwa ufupi, kwa kuwa sura ya saba itarudi huko. YouTube inataka waliojiandikisha 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 kabla ya kukugawia pato la matangazo ya video ndefu, na kiasi unachopata kinategemea watazamaji wako wako wapi. Matangazo yanayoonyeshwa kwa mtazamaji wa Mwanza yanalipa kidogo kuliko ya mtazamaji wa Manchester. Kenya, kwa Sheria ya Fedha ya 2023, hukata asilimia 5 kwenye malipo ya maudhui ya kidijitali kwa wakazi. Kwa hiyo mshawishi wa Kiswahili huishi kwa dili za kampuni, na dili zinazokuja mapema na kwa wingi ni za chai ya kupunguza tumbo, mikanda ya kubana kiuno na vidonge visivyo na maelezo.

Maslach na mwenzake Michael Leiter waliandika mwaka 1997 kwamba uchovu hauletwi na mzigo wa kazi peke yake. Huletwa pia na kazi inayogombana na maadili ya mtu. Ndiyo maana unaweza kurekodi tangazo la sekunde 40 na ukachoka kuliko darasa la saa mbili. Umesifia kitu usichomnywesha mdogo wako. Kisha wafuasi wanaanza kuuliza kama kinafanya kazi, na unaingia kwenye uongo wa pili kuulinda wa kwanza. Kataa dili hilo hata kama kodi ya nyumba inasubiri, na ukiweza usiache kazi nyingine mapema: darasa la mazoezi la watu kumi mtaani kwenu, kupika kwa oda, zamu mbili kwa wiki kwenye jimu. Mwenye shilingi ya pembeni anaweza kusema hapana. Mkataba ukiwa mzuri, uandikwe ndani yake kwamba ukiugua siku za kuposti zitasogezwa, na nusu ya malipo itangulie.

Msimu

Septemba 25, 2022 Eliud Kipchoge alikimbia marathoni ya Berlin kwa saa 2, dakika 1 na sekunde 9, rekodi ya dunia wakati huo. Marathoni yake iliyofuata ilikuwa Boston, Aprili 17, 2023. Karibu miezi saba. Hakuna aliyemwambia amepotea. Wanariadha wakubwa wa Bonde la Ufa hukimbia marathoni mbili kwa mwaka kwa kawaida, na baada ya kila moja mwili hupewa wiki kadhaa za kulegea kabla ya mazoezi makali kurudi. Watu wanaojua mwili kuliko mtu yeyote wanaupa msimu. Inachekesha basi kwamba wanaofundisha mazoezi kwa simu wanajidai hawana haja ya msimu na kuposti mara mbili kwa siku, mwaka mzima.

Najua hofu iliyopo: ukinyamaza, algoridhimu itakusahau. Novemba 2019 Susan Wojcicki, aliyekuwa mkuu wa YouTube, aliwaandikia watengeneza video kwamba kampuni ilikuwa imeangalia data za miaka sita, za mamilioni ya chaneli, na kwa wastani chaneli zilizochukua mapumziko zilirudi zikitazamwa zaidi kuliko kabla ya kuondoka. Ni wastani, na ni maneno ya kampuni yenye faida yake. Lakini ndio wenye mashine, nao hawakusema ukipumzika unakufa.

Biashara ya afya ina misimu iliyojipanga yenyewe. Januari kila mtu anataka kupunguza mwili. Kabla ya Ramadhani na ndani yake watu wanataka futari nyepesi na nguvu ya kufunga. Kisha kuna harusi. Fanya kazi kwa bidii katika misimu hiyo, na katikati yake weka wiki ambazo hurekodi kitu. Rekodi masomo manne kwa siku moja, ukibadili fulana, uyatoe mwezi mzima. Watangazie watu siku ya kuondoka na siku ya kurudi. Wafuasi wa Kiswahili wana subira na mtu aliyeaga. Wanachokasirikia ni kuachwa bila neno.

Kuna uchovu ambao ratiba haiuponyi. Usingizi ukikukimbia wiki mbili mfululizo, chakula kikikosa ladha, ukilia bila sababu au ukianza kuwaza heri nisingekuwepo, hilo si jambo la kupanga upya kalenda. Huenda ni sonona, na sonona ina tiba. Usijitibu kwa juisi unayoiuza. Nenda hospitali ukaonwe na daktari, ufuatane na ndugu unayemwamini, na kwa siku hiyo simu ya kazi ibaki nyumbani. Wafuasi wako hawana haja ya kujua ulikokwenda, wala usiwaahidi kuwasimulia ukirudi.